Kutenga Seli, Kusoma Protini: Historia ya Utafiti na Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Najua kwamba baadhi yenu, mlipoisoma mada kwenye tangazo, mlijiuliza kama mtoa mada hakukosea ukumbi. Msomi wa Kiswahili ana haja gani na seli, tishu na protini? Nitajibu kwa kuanza na jambo ambalo ni la kawaida katika hospitali zetu.

Mtu ana shida ya kumeza chakula. Daktari humpitishia mpira wenye kamera hadi kwenye umio, huona uvimbe, na huchukua kipande chake kidogo. Nyumbani ndugu husema, "Wamemkata kinyama, kimepelekwa kupimwa." Kinyama hicho huhifadhiwa katika formalini, huimarishwa kwa nta, hukatwa vipande vyembamba kupita karatasi, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Ikiwa kuna utafiti unaoendelea, mgonjwa huombwa ridhaa ili sehemu ya kinyama itumike "kuchunguza protini". Yeye hutia sahihi au dole gumba. Je, ameelewa nini? Na mtafiti naye, atakapozipata protini hizo, atajua ni za nani? Ni za seli za saratani, za mishipa ya damu, za misuli, au za seli za kinga zilizokuja kupigana na ugonjwa?

Swali hilo, "protini hizi ni za seli zipi?", ndilo uti wa mgongo wa mhadhara huu. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya sayansi hii ni historia ya watu waliokataa kuridhika na wastani wa mchanganyiko, na kwamba kila walipopiga hatua walilazimika kubuni namna mpya ya kutenga na namna mpya ya kutaja. Kisha nitadai kwamba Kiswahili kina akiba ya maneno ya kuieleza kazi hiyo kwa usahihi, ila bado hatujaitumia ipasavyo.

2.0 Neno lenyewe: chumba au punje?

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake *Micrographia*. Alikuwa amekata kipande chembamba cha koki, yaani gamba jepesi la mti linalotumika kuzibia chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kiingereza linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Alichokiona kilikuwa kuta tu, kwa kuwa koki ni gamba lililokufa. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuondoka.

Jina hilo la chumba kitupu likabaki, japokuwa elimu ilisonga mbele. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kuhusu wanyama. Mwaka 1858 Rudolf Virchow alitoa mihadhara 20 kwa madaktari mjini Berlin, na ikachapishwa mwaka huohuo. Alifundisha kwamba ugonjwa usitafutwe katika mwili mzima kwa jumla, bali katika seli, na kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Tangu hapo, kuuliza "ugonjwa uko wapi?" kukawa na maana ya kuuliza "uko katika seli zipi?"

Kiswahili kililipokea wazo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mkopo, *seli*, neno lililochukua sauti ya Kiingereza na kuiacha picha ya chumba. Mitaani neno hilohilo hutumika kwa mahabusu ya polisi, ambako maana ya chumba imebaki. Njia ya pili ni *chembe*, ambayo asili yake ni punje au kitu kidogo sana, na ambayo huendelea kutumika tunaposema chembe nyekundu na chembe nyeupe za damu. Picha ya punje ni tofauti sana na picha ya chumba. Chumba huvutia jicho kwenye kuta, lakini punje hutufanya tuulize ndani yake mna nini. Tena punje huhesabika, huchaguliwa na hutengwa. Kwa bahati mbaya, *chembe* imebebeshwa mizigo mingi. Imetumika kwa chembe za maada, kwa chembe za mchanga, na kwa sehemu ya kifua chini ya kidari. Ndiyo maana nitatumia *seli* katika mhadhara huu, lakini nitairudia picha ya punje, kwa kuwa ina faida.

Neno *protini* nalo lina tarehe yake. Lilitumika kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1838 na mkemia Mholanzi Gerardus Mulder, baada ya kushauriwa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Kwa hiyo nadharia ya seli na jina la protini zilizaliwa karibu wakati mmoja. Kuzikutanisha mezani kulichukua miaka 30 zaidi.

3.0 Tübingen, 1869: usaha katika bendeji

Mkutano huo ulifanyika katika jiko la zamani la kasri la mji wa Tübingen, Ujerumani. Hapo Felix Hoppe-Seyler alikuwa na maabara ya kemia ya viumbe. Mwaka 1868 alimpokea daktari kijana kutoka Basel, Uswisi, aliyeitwa Friedrich Miescher. Usikivu wa Miescher ulikuwa hafifu, hivyo aliona ni vigumu kuwatibu wagonjwa, akachagua utafiti. Nia yake ilikuwa kuzijua protini zinazounda seli.

Kwanza alijaribu kupata seli kutoka katika tezi za limfu, lakini hakuweza kuzipata kwa wingi wala kwa usafi uliotosha. Akageukia bendeji zilizotumika katika hospitali ya jirani. Usaha ni seli nyeupe za damu kwa mamilioni, na haukuwa na mwenye kuutaka. Aliziacha bendeji zilizokwisha kuoza. Nyingine aliziosha kwa maji yenye chumvi maalumu ili seli zisipasuke, akachuja ili kuondoa nyuzi za kitambaa, akasubiri seli zitulie chini. Kisha alitumia kimeng'enya cha pepsini kutoka tumbo la nguruwe ili kuyeyusha protini na kubakiza viini vya seli.

Ndani ya viini alipata kitu ambacho hakikuwa protini. Pepsini haikukimeng'enya, nacho kilikuwa na fosforasi nyingi. Alikiita nukleini. Hoppe-Seyler hakuamini hadi aliporudia majaribio mwenyewe, na makala ilitoka mwaka 1871. Leo kitu hicho tunakiita DNA.

Wanahistoria wengi huisimulia habari hii kama mwanzo wa elimu ya jeni, nao wana haki. Lakini kwa mada yetu ina funzo jingine. Ugunduzi ule ulipatikana kwa sababu mtu aliyetaka kusoma protini alihangaika kwanza kuhakikisha kwamba anachokipima ni seli za aina moja. Kama angeisaga tezi nzima, tofauti ya nukleini na protini ingezama katika mchanganyiko. Kutenga kulitangulia kujua.

4.0 Tatizo la mchanganyiko

Katika karne ya 20 maabara zilipata uwezo mkubwa wa kusaga, kuzungusha na kupima. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walichapisha njia ya kupima kiasi cha protini kwa rangi ya buluu. Makala yao ndiyo iliyonukuliwa kuliko nyingine zote za kisayansi. Mwaka 1975 Patrick O'Farrell alionyesha namna ya kuzitawanya protini juu ya bamba la jeli kwa pande mbili, upande mmoja kwa chaji na wa pili kwa ukubwa. Kwa bakteria mmoja wa utumbo alitenganisha vipengele 1,100. Mwaka 1994 Mwaustralia Marc Wilkins alipendekeza jina *proteomu* kwa jumla ya protini zote zinazotokana na jenomu.

Bakteria wa aina moja waliokuzwa katika chupa wanafanana sana. Tishu ya binadamu sivyo. Kipande cha ini kina seli za ini, seli za mishipa, seli za kinga na seli zinazotengeneza nyuzi za kushikilia vyote hivyo. Kipande cha saratani kinaweza kuwa na seli za saratani chache kuliko seli nyingine zinazoizunguka. Ukikisaga chote, jibu utakalopata ni la wastani. Na wastani wa umati unaweza kuwa sauti ambayo hakuna hata mmoja katika umati huo aliyeitoa.

Hapa wahenga wetu wanatusaidia: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Seli ya ubongo na seli ya ini za mtu mmoja zina jeni zilezile, takribani 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Lakini moja hupika pilau na nyingine hupika vitumbua. Huwezi kujua chakula kwa kuchungulia ghala la mchele, bali kwa kufunua sufuria, tena sufuria moja moja. Ukimimina sufuria zote katika pipa moja na kuonja, hutajua nani alipika nini.

Lowry mwenyewe alilitambua tatizo hili mapema. Katika miaka ya 1950 alikausha vipande vya ubongo vilivyogandishwa, akavitazama kwa hadubini, na kwa visu vidogo vilivyotengenezwa kwa vipande vya wembe akazikata seli za neva moja moja kwa mkono. Alizipima uzito kwa mizani ya uzi wa kwazi, kisha akapima vimeng'enya vyake. Vimeng'enya, kama tujuavyo, ni protini. Mtu aliyeipa dunia njia rahisi ya kupima protini kwa jumla ndiye pia aliyehangaika kuzipima katika seli moja. Njia yake ya kwanza ilienea katika kila maabara, na ya pili ilibaki kwa wachache wenye mikono isiyotetemeka.

5.0 Kupepeta na kuchagua

Damu ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa seli zake huelea. Mwaka 1968 Arne Bøyum wa Norwe alieleza njia ya kuweka damu juu ya kimiminiko kizito na kuizungusha kwa kasi. Seli nyekundu hushuka chini, na aina fulani za seli nyeupe hubaki katikati kama utando. Mama anayepepeta mchele kwa ungo ataielewa kazi hii mara moja, kwa kuwa kilicho kizito na kilicho chepesi haviendi pamoja.

Lakini kupepeta hakutofautishi punje mbili zenye uzito mmoja. Hapo huhitajika kuchagua. Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitumia maarifa ya mashine za kuchapa kwa matone ya wino. Seli zilitiririshwa ndani ya matone madogo, kila tone likapewa chaji kulingana na ukubwa wa seli iliyomo, na uga wa umeme ukalisukuma kwenye chombo chake. Leonard Herzenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaendeleza wazo hilo. Tangu mwaka 1969 walionyesha kwamba seli zinaweza kutengwa kwa rangi zing'aazo, na kufikia mwaka 1972 walikuwa na mashine iliyotumia leza. Georges Köhler na César Milstein walipogundua mwaka 1975 namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja, mashine ikapata macho makali. Kila kingamwili ilishika protini moja tu juu ya ngozi ya seli.

Kingamwili zilizidi kuongezeka na kila maabara ikazipa majina yake, hadi wataalamu walipokutana Paris mwaka 1982 na kukubaliana kutumia herufi CD na namba. Naomba wanafunzi wa istilahi walizingatie tukio hilo. Wanabaiolojia, kama sisi, walifika mahali ambapo kazi haikuendelea bila kamati ya majina.

Mojawapo ya majina hayo liliingia katika Kiswahili bila kupita katika kamati yoyote ya kwetu. CD4 ni protini iliyo juu ya seli fulani za kinga, na ndiyo mlango ambao virusi vya UKIMWI hutumia kuingilia. Idadi ya seli zenye CD4 katika milimita moja ya ujazo ya damu ilitumika kuamua nani aanze dawa. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa hizo mwaka 2004. Miongozo ya mwanzo ya Shirika la Afya Duniani ilitaja kiwango cha 200. Mwaka 2010 kikawa 350, mwaka 2013 kikawa 500, na mwaka 2015 shirika likashauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kusubiri kipimo hicho.

Katika miaka ile, watu ambao hawakuwahi kusoma biolojia walisema, "CD4 zangu zimeshuka," au "CD4 zake ziko mia mbili." Tazameni sarufi yake. Herufi zilitamkwa Kiingereza, lakini upatanisho ulikuwa wa ngeli ya I-ZI, wingi, kama punje zinazohesabika. Jina la protini lilihamia kwenye seli, na mara nyingine likahamia kwenye uhai wenyewe wa mgonjwa. Hili ni jambo kubwa. Wananchi waliikubali istilahi ngumu kwa sababu maisha yao yaliitegemea na kwa sababu mtoa huduma aliieleza kwa subira. Wale wanaodai kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa habari za seli na protini hawakuwasikiliza watu wakizungumza kwenye mabenchi ya kliniki.

6.0 Bethesda, 1996: kubandua kilichotakiwa

Tishu ngumu ilibaki kuwa tatizo. Tangu mwaka 1916 Peyton Rous na F. S. Jones walikuwa wameonyesha kwamba kimeng'enya cha tripsini kinaweza kuzilegeza seli zilizoshikamana. Lakini tripsini hukata protini, zikiwemo zile za juu ya seli ambazo mtafiti huzitafuta. Tena seli ikishatolewa mahali pake, ushahidi wa ilikokuwa hupotea. Haijulikani tena kama ilikaa katikati ya uvimbe au ukingoni.

Mwaka 1996 Michael Emmert-Buck, Lance Liotta, Robert Bonner na wenzao wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilizoko Bethesda, Maryland, walichapisha njia nyingine katika jarida la *Science*. Kipande chembamba cha tishu huwekwa juu ya kioo, na juu yake hulazwa utando mwembamba wa plastiki. Mtaalamu hutazama kwa hadubini, huchagua seli anazozitaka, kisha hufyatua mwale mfupi wa leza isiyoonekana kwa macho. Utando huyeyuka kidogo mahali hapo tu na kunata kwenye seli zilizochaguliwa. Ukiinuliwa, hubandua seli hizo na kuziacha jirani zake kwenye kioo. Picha ya tishu hubaki, na tundu lililobaki huonyesha nini kilichukuliwa.

Kwa watafiti wa DNA njia hii ilifaa mara moja, kwa kuwa DNA chache huweza kuzalishwa nakala nyingi katika maabara. Protini haina njia ya namna hiyo. Ulichokichukua ndicho ulichonacho. Kwa hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Emmert-Buck na wenzake walilazimika kukusanya kiasi cha seli 50,000 kwa kila sampuli. Walilinganisha seli za saratani ya umio na seli za kawaida za umio wa mgonjwa huyohuyo. Katika jeli ya O'Farrell waliona protini takribani 675. Asilimia 98 zilikuwa sawa pande zote mbili. Zilizotofautiana zilikuwa 17 tu. Kati ya hizo, 10 zilionekana katika saratani peke yake na 7 katika seli za kawaida peke yake.

Hesabu hiyo ina uzito. Kama tofauti ni protini 17 katika 675, basi uchafu mdogo tu wa misuli au damu ungetosha kuzificha. Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuijali, kwa kuwa ukanda wetu ni mojawapo ya maeneo ya dunia ambako saratani ya umio ni nyingi. Mgonjwa niliyeanza naye si mfano wa kubuniwa kwa ajili ya kupendeza mhadhara.

Hata hivyo, tusiisifu njia hii kupita kiasi. Aliyechagua seli ni binadamu anayetazama umbo na rangi. Akikosea kuchagua, mashine haitamsahihisha. Aidha, formalini hufunga protini pamoja, na ilichukua miaka mingi kupata njia za kuzifungua bila kuziharibu.

7.0 Kuelekea seli moja

Mabadiliko makubwa yalitoka upande wa vipimo. John Fenn wa Marekani na Koichi Tanaka wa Japani walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002 kwa kugundua, katika miaka ya 1980, namna za kuzipa protini chaji na kuzirusha hewani bila kuzivunja, ili tungamo lake lipimwe. Mashine za kupima tungamo zikawa nyepesi kuhisi mwaka hadi mwaka, na idadi ya seli zilizohitajika ikashuka kutoka makumi elfu hadi mia, na hatimaye hadi seli moja.

Mwaka 2022 watafiti wa Copenhagen na wa Martinsried, karibu na Munich, walitangaza njia inayounganisha hatua zote. Programu ya kompyuta hutambua seli katika picha ya tishu, leza huzikata, na kipima tungamo husoma maelfu ya protini zake. Kwa njia hiyo walifuatilia saratani ya ngozi kutoka seli za kawaida hadi seli zinazovamia. Mwaka 2024 watafiti walioitumia njia hiyo waliripoti juu ya ugonjwa wa nadra na wa hatari ambao husababishwa na dawa na kuifanya ngozi ibambuke kama iliyoungua. Katika seli za ngozi na seli za kinga zilizotengwa waliona njia moja ya mawasiliano imewashwa kupita kiasi. Dawa za kuizima njia hiyo zilikwisha kuwepo kwa magonjwa mengine. Wagonjwa 7 walipewa, na wote walipona. Swali "protini hizi ni za seli zipi?" lilikuwa limeokoa maisha.

8.0 Funzo kwa istilahi zetu

Sasa nirudi nyumbani. Katika Tanzania elimu ya msingi imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Waliotutangulia walifanya kazi kubwa. Lakini waliweka mkazo kwenye nomino, yaani majina ya vitu. Historia niliyoisimulia ni ya vitendo, na hapo ndipo lugha yetu ina utajiri ambao haujaguswa.

Miescher *alichuja*. Bøyum *alipepeta*, kwa kuwa alitenganisha kwa uzito. Herzenberg *alichagua*, punje moja baada ya nyingine. Lowry *alichonga* kwa mkono. Watafiti wa Bethesda *walibandua*. Mara nyingi tafsiri zetu huziita kazi zote hizi *kutenga*, au vibaya zaidi, *kuchambua*, kana kwamba ni jambo moja. Napendekeza *kutenga* liwe neno la jumla, na vitenzi hivyo vitano viwe istilahi za njia mahususi: uchujaji, upepetaji, uchaguaji, uchongaji na ubanduaji wa seli. Na *kuchambua* tukiachie hatua inayofuata, ya kuzisoma protini zenyewe. Mwanafunzi atakayesikia "ubanduaji wa seli kwa leza" atapata nusu ya maelezo ndani ya jina.

Pendekezo la pili linahusu ridhaa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, kwa Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege moja itue Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, kimiminiko chake kilikuwa na wingu. Epstein angeweza kudhani kwamba kimeoza na kukitupa. Alikitazama kwa hadubini, akaona seli za uvimbe zimejinasua zenyewe katika safari na zinaelea zikiwa hai. Kutokana na seli hizo alipata namna ya kuzikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe huo.

Ugunduzi huo ni mmojawapo wa mikubwa katika elimu ya saratani, na ulianza kwa kinyama cha mtoto wa Afrika Mashariki. Mjadala wa ridhaa wakati ule haukuwa kama wa leo. Sasa tunakubaliana kwamba mwenye mwili aelezwe. Lakini kumweleza kwa lugha gani? Fomu ikisema tu "sampuli yako itatumika kuchunguza protini", imemwambia ukweli wa wastani, uleule ambao wanasayansi waliukataa. Fomu inaweza kusema hivi: "Kinyama ulichokatwa kina seli za aina nyingi. Watafiti watabandua zile za uvimbe peke yake, watasoma protini zilizomo, na sehemu itakayobaki itahifadhiwa katika nta kwa miaka kadhaa." Hakuna neno hapo ambalo mtu aliyemaliza shule ya msingi atashindwa kuulizia. Na uwezo wa kuuliza ndio chanzo cha ridhaa ya kweli.

9.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilianza na swali la protini ni za seli zipi. Miescher aliliuliza juu ya bendeji, Lowry juu ya neva, na wataalamu wa Bethesda juu ya umio. Kila mmoja alipata jibu kwa kadiri alivyoweza kutenga. Wajibu wetu sisi wa lugha unafanana na wao. Neno moja linapobeba mambo matano, tumesaga tishu nzima na kuwapa wasomaji wetu wastani. Wanafunzi mlio hapa, mtakaotafsiri fomu, vitabu na matokeo ya vipimo katika miaka ijayo, ombi langu ni kwamba kabla ya kukopa neno mpite kwanza jikoni, shambani na kwa fundi, mkasikie vitenzi vyao. Mkikuta kuna kinachofaa, kichukueni, mkakieleze, na mkakitumie mara kwa mara hadi mgonjwa akizoee kama alivyoizoea CD4.